Fahali Husifiwa, Mtamba Hufungwa Kamba

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi ya kumtaja mtu mwenye ashiki kali, lakini ukiyapanga safu utaona kwamba yamegawanywa kwa upendeleo mkubwa. Mwanamume ambaye ashiki yake haipoi huitwa dume, fahali, jogoo, na wenzake humpiga begani kwa kicheko. Mwanamke mwenye hali ile ile huitwa kirukanjia, malaya, mtu asiyetosheka. Akiwa ni mke wa mtu na ana heshima zake, watu watanong'ona kwamba amepandwa na jini mahaba. Ni shida kupata neno hata moja la kumsifu.

Mizani hii ndiyo tunayotaka kuichunguza leo, maana jambo lenyewe limepita utani wa barazani. Kwa mizani hiyo huamuliwa msichana yupi atakatwa mwili wake, mke yupi atapigwa, mlalamikaji yupi ataaminiwa mbele ya wazee, na mgonjwa yupi ataachwa bila ya tiba.

Kwa nini Kalobeyei?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tumekwenda mbali mpaka Kalobeyei, huko Turkana Magharibi, kwenye barabara itokayo Lodwar kupita Kakuma kwenda Lokichogio. Sababu ni kwamba pale desturi za mataifa mengi zimewekwa bega kwa bega. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati vijana wa Sudan ya Kusini waliokwisha kutembea kwa miguu mamia ya kilomita walipovuka mpaka na kuingia Kenya. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa kando yake, kwa shabaha ya kuwafanya wakimbizi na wenyeji Waturkana watumie shule moja, zahanati moja na soko moja. Siku hizi Kakuma na Kalobeyei kwa jumla zina wakimbizi wapatao 300,000: kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan, Uganda na Rwanda.

Mahali penye kabila moja tu, desturi huonekana kama maumbile. Mtu hudhani kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga nani awe na hamu na nani asiwe nayo. Lakini kina mama wa mataifa manane wakipanga ndoo zao kwenye bomba moja la maji, kila mmoja na mafunzo aliyopewa na mamake, hapo ndipo ukweli unapojitokeza: mizani hizi zimetengenezwa na watu, na kilichotengenezwa na watu kinaweza kurekebishwa na watu.

Tuanze na wenyeji

Waturkana, kwa desturi yao ya asili, hawatahiri wanaume wala hawakeketi wanawake. Katika ngoma ya edonga, wavulana na wasichana huruka pamoja, na hakuna anayeficha kwamba huko ndiko macho yanakokutana. Kijana akimpa mimba msichana asiyemwoa, wazee hudai faini ya mifugo. Ni kosa dhidi ya zizi la baba, na hulipwa kutoka zizini. Hakuna anayefikiri kwamba dawa ya jambo hilo ni kuukata mwili wa msichana.

Lakini tusikimbilie kusifu. Mtaalamu P. H. Gulliver, katika kitabu chake juu ya Waturkana na Wajie kilichotolewa mwaka 1955, alieleza kwamba mahari ya Waturkana ni makubwa mno, nayo huchangwa na jamaa na marafiki wengi. Matokeo yake ni kwamba kijana huoa akiwa amekwisha kukomaa, na wakati huo mzee mwenye mifugo anaongeza mke wa tatu au wa nne. Ikiwa ashiki kali ndiyo inayompa mtu haki ya wake wengi, basi vijana wa miaka ishirini ndio wangeoa wengi kuliko wote! Kumbe kinachohesabiwa ni mifugo. Mke huleta ukoo mpya wa kusaidiana wakati wa ukame, na mikono ya kukamua na kuchota maji. Filamu tatu ambazo David na Judith MacDougall walizipiga kwa Waturkana katika miaka ya 1970 zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Moja yao inahusu hasa jinsi wake wenyewe wanavyouona ukewenza, na mazungumzo yao ni ya kazi, mifugo na jamaa.

Kwa hiyo yule asemaye kwamba mwanamume wa Kiafrika huoa wake wengi kwa kuwa hamu yake haitoshelezwi na mmoja, ameisahau nusu ya habari. Ashiki imekuwa kisingizio cha mali.

Tena liko jambo la kuchekesha ambalo wafugaji wenyewe wanalijua. Miongoni mwa Waturkana na jirani zao wa kaskazini, kijana huwa na dume lake mpendwa, hulitungia nyimbo na huitwa kwa rangi zake. Dume hilo aghalabu ni maksai! Anayeimbiwa kwa fahari kuliko wote zizini ni yule aliyekwisha kutulizwa. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

Majirani na mizani zao

Tukiondoka kwa Waturkana na kuingia kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, tunakuta ng'ombe tena. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya ujamaa na ndoa za Wanuer, alieleza kwamba mjane aweza kukaa na mpenzi, na watoto atakaowazaa wakahesabiwa kuwa ni wa marehemu ambaye ng'ombe wake ndio waliolipwa mahari. Hapo mwili wa mjane haukufungwa kufuli. Kilichofungwa ni jina la watoto. Lakini mke wa mtu aliye hai akitoka nje, ni kesi ya ng'ombe. Na ng'ombe hawapatikani kambini. Ndiyo maana watafiti waliokwenda Kakuma mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwemo Guglielmo Verdirame, waliandika kwamba mahakama za wazee wa wakimbizi zilikuwa zikiwatia watu kizuizini kwa kosa la uzinzi, wanawake pia, ingawa sheria ya Kenya haiufanyi uzinzi kuwa jinai. Faini ya mifugo iligeuka kifungo cha mwili.

Kwa Wasomali mizani ni kali zaidi, na huanza kutumika kabla mtoto hajajua ashiki ni nini. Uchunguzi wa afya uliotolewa Somalia mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanawake 99 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Sababu zinazotolewa ni nyingi, za usafi, za dini na za heshima, lakini moja husikika kila mahali: kumtuliza msichana, asije akawa na hamu ya kupita kiasi. Yaani mtoto wa miaka saba anaadhibiwa kwa kosa ambalo hajalifanya na huenda asilifanye maisha yake yote. Madaktari wanaeleza kinachofuata: kutoka damu, kuoza kwa vidonda, maumivu katika tendo la ndoa na uzazi wa shida. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imepiga marufuku jambo hili, na mkosaji hupata kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuibatilisha. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Kenya nzima, wanawake 15 katika kila 100 wamekeketwa. Kwa hiyo pale Kalobeyei msichana wa Kisomali na msichana wa Kiturkana wanaweza kukaa dawati moja, mmoja akiwa amekatwa ili asitamani, mwingine akiwa hakuguswa, na mwalimu asione tofauti yoyote ya adabu baina yao.

Sasa sogea kidogo kwa Wanyarwanda na Warundi. Hawa wanakuja na fikira iliyo kinyume kabisa. Kwao yako mafunzo ya zamani ya kunyaza, yaani ufundi wa mume kumfurahisha mke, na mke asipofurahi aibu humwangukia mume. Mwaka 2016 ilitolewa filamu ya Olivier Jourdain juu ya jambo hilo. Huko Buganda kazi ya kumfundisha msichana ni ya ssenga, shangazi yake, na mwanasheria Sylvia Tamale ameandika jinsi mafunzo hayo yanavyompa mwanamke wa Kiganda ujuzi na hata nguvu nyumbani mwake.

Na sisi wa pwani tusijitie kusahau. Tunao somo na kungwi, tunayo ngoma ya unyago. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alisifika kwa ngoma hiyo kama alivyosifika kwa taarabu. Hata Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mnamo mwaka 1858, hakuona haya kumfundisha mke namna ya kujipamba na kumpendeza mumewe. Bibi zetu walijua vema kwamba mwanamke ana hamu. Waliifundisha kwa ngoma, mlango ukiwa umefungwa.

Lakini tuulize swali moja: mafunzo hayo yalikuwa kwa manufaa ya nani? Aghalabu, msichana alifundishwa kumtosheleza mume. Akitoka unyagoni akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba hamu yake ni kubwa kuliko ya mumewe, kungwi yule yule atamziba mdomo. Ufundi umeruhusiwa, madai hayajaruhusiwa.

Vitabu vitakatifu

Wengine husema dini ndiyo iliyoweka mizani mbili. Tuvifungue vitabu. Qurani, katika sura ya pili, inamwekea mume aliyeapa kujitenga na mkewe muda wa miezi minne tu. Baada ya hapo arejee au amwache. Sheria hiyo isingekuwa na maana kama mke hana hamu. Naye Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anawaambia mume na mke kwamba kila mmoja ana deni kwa mwenziwe, na kwamba wasinyimane isipokuwa kwa kukubaliana. Deni limewekwa pande zote mbili. Ni wahubiri wetu wanaosoma upande mmoja wa hati na kuukunja upande wa pili.

Ulaya nako

Isije ikadhaniwa kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake. Mjini London aliishi daktari mpasuaji, Isaac Baker Brown, aliyeamini kwamba kifafa na wazimu wa wanawake vilitokana na kujichua. Dawa yake ilikuwa kuwakata kinembe. Mwaka 1866 alitoa kitabu cha kujisifia matibabu hayo. Mwaka 1867 madaktari wenziwe wa uzazi walimfukuza katika chama chao, hasa kwa kuwa wagonjwa hawakuelezwa sawasawa walichofanyiwa. Kwa hiyo wembe wa kutuliza hamu ya mwanamke umewahi kushikwa hata na mikono yenye shahada.

Kwa muda mrefu elimu ya utabibu iliendelea kuihesabu ashiki nyingi kuwa ni ugonjwa, na ikaupa majina mawili: nimfomania kwa wanawake, satiriasisi kwa wanaume. Majina hayo yalikuwamo katika toleo la kumi la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa. Lakini toleo la kumi na moja, lililokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limefikiri upya. Wingi wa hamu haumfanyi mtu kuwa mgonjwa. Mgonjwa ni yule ambaye kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, ameshindwa kabisa kuitawala hamu yake, hata kazi, familia au afya yake inaharibika. Tena wakaongeza neno ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila baraza: mtu akiwa na huzuni kwa sababu tu jamii yake inamlaumu, huzuni hiyo peke yake haitoshi kumwita mgonjwa.

Wajuzi wanaeleza pia kwamba hamu inayopanda ghafula kwa mtu ambaye hakuwa hivyo yaweza kuwa dalili ya maradhi ya akili, au ya ubongo ulioumia, au ya baadhi ya dawa, kama zile za ugonjwa wa kutetemeka. Mtu kama huyo anahitaji daktari. Akiwa mwanamke, kwetu hupelekwa kupungwa jini. Akiwa mwanamume, hupigiwa makofi.

Sheria na sauti ya wakubwa

Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilijadili mswada wa makosa ya kingono ulioletwa na mbunge wa kuteuliwa, Njoki Ndung'u. Katika mjadala, mbunge mmoja mwanamume alisema kwamba katika mila zetu mwanamke akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi. Sheria ilipita, lakini kuhusu kubaka iliwaweka kando watu waliooana kisheria.

Tazama jinsi hoja ile inavyofanya kazi. Mwanamke anaambiwa kwamba mke mwema hana hamu. Halafu akikataa, anaambiwa kwamba kwa siri anataka. Akitaka ni kosa, asipotaka haaminiwi. Na mwanamume anaambiwa kwamba hamu yake ni kama mafuriko ya mto Tarach yanapoishukia Kakuma, hayana wa kuyazuia. Kwa hiyo akivunja mlango, alaumiwe mlango!

Mwaka 2014 ilipopitishwa Sheria ya Ndoa, wabunge wanaume walikiondoa kifungu kilichotaka mke wa kwanza akubali kabla ya mwenziwe kuolewa kwa ndoa ya kimila. Wabunge wanawake walitoka tena. Jirani zetu wa Uganda walipiga hatua nyingine: mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha uzinzi, kwa kuwa mke aliyeolewa alikuwa na hatia kwa kulala na mwanamume yeyote, lakini mume alikuwa na hatia tu ikiwa mwanamke yule ni mke wa mtu. Majaji waliona mizani mbili, wakaivunja.

Njaa si ashiki

Turudi Kalobeyei, maana huko liko kosa jingine la kupima. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua, mgao wa chakula ukakatwa sana, na wakimbizi wakaandamana Kakuma. Katika hali kama hiyo, mama mwenye watoto watano akionekana usiku akitoka nyumbani kwa mwenye duka, majirani husema ana tamaa. Tamaa ya nini? Ya unga! Mashirika ya misaada yamekwisha kueleza mara nyingi jinsi upungufu wa chakula unavyowasukuma wanawake na wasichana kwenye biashara hiyo. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyekwenda kwa ashiki, hakuna anayemtaja. Wazee wakiketi kuhukumu, anayeitwa ni mama.

Wanaume nao huumia

Mizani hii haimwachi mwanamume salama. Kila mji wa Afrika Mashariki una wauzaji wa nguvu za kiume: mukombero wa magharibi mwa Kenya, mkuyati, vumbi la Kongo. Wanunuzi hawakosekani, kwani mwanamume aliyefundishwa kwamba utu wake uko katika ashiki yake huona kupungua kwa hamu kama kufa. Kambini mwanamume amekaa miaka bila ya kazi, bila ya ng'ombe, bila ya ardhi. Kilichobaki cha kumthibitishia kwamba ni mwanamume ni kitanda tu. Kitanda kikimshinda, ngumi huja. Na yule mwingine ambaye hamu imemtawala hata anatumia fedha zote za chakula kwa ajili yake, atamwambia nani? Akisema, wenzake watacheka na kumwonea wivu.

Mizani ya haki

Sisi hatusemi kwamba watu waishi ovyo. Heshima ya ndoa ni jambo jema, na stara ni pambo la jamii. Tunachosema ni kwamba wingi wa hamu si wema wala si ubaya, kama vile mtu kuwa na njaa nyingi si wizi. Wizi huanza mkono unapoingia katika chungu cha mwenzio. Maswali ya kumwuliza mtu, awe mume au mke, ni matatu: je, mwenzako ni mtu mzima aliyekubali kwa hiari? Je, unamvunjia mtu ahadi? Je, unaitawala hamu yako, au yenyewe ndiyo inayokutawala? Akijibu vizuri, basi ashiki yake ni habari yake na ya nyumbani kwake. Akijibu vibaya, jina la fahali lisimwokoe.

Wazee wa Kalobeyei wanaokaa chini ya miti kuamua kesi, wa Kiturkana na wa wakimbizi, wangeweza kuanza kwa jambo dogo sana: kila anapoitwa mwanamke kwa kesi ya uzinzi, aitwe na mwanamume wake, waulizwe maswali yale yale, wapewe adhabu ile ile. Makungwi na mashangazi wangeweza kumwongezea msichana somo moja, kwamba neno hapana ni lake na neno ndiyo ni lake. Na wauguzi wa zahanati wangeweza kumpokea mtu mwenye tatizo la hamu kama wanavyompokea mwenye homa, bila ya kicheko wala mahubiri.

Mfugaji akiona mtamba wake amepata joto hufurahi, kwa kuwa anajua zizi litaongezeka, hamwiti malaya. Na dume analolitungia nyimbo ni lile lililotulia. Hatusemi binadamu wahasiwe, la! Lakini ikiwa mchungaji wa Turkana amejua kuusifu utulivu wa dume na kuipokea hamu ya mtamba, mbona sisi tunaokaa kwenye mabaraza na mabunge tumeshindwa?